Maswali na Majibu: Kliniki ya Kisukari, Niende Mara Ngapi?

Maswali mengi ya safari hii yanahusu tarehe ya kurudi kliniki.

Swali: Nina kisukari cha aina ya 2, natumia vidonge. Kwa nini napangiwa kurudi kila baada ya miezi mitatu, isiwe mmoja au sita?

Sababu iko kwenye damu yenyewe. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na muda wote huo sukari hujishikiza kwenye himoglobini (protini inayobeba oksijeni) iliyomo ndani yake. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi tunakiita kipimo cha miezi mitatu, hupima kiasi kilichojishikiza, hivyo huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ukibadilishiwa dawa leo ukapima baada ya wiki tatu, majibu bado yatakuwa yamechanganyika na habari za dawa ya zamani.

Ndiyo maana ambaye sukari yake haijatulia, au amebadilishiwa dawa, hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Aliyefikia lengo lake na kutulia hapo anaweza kupimwa mara mbili kwa mwaka. Lengo la HbA1c kwa watu wazima wengi ni chini ya asilimia 7, ingawa mzee au mwenye maradhi mengine huenda akawekewa la juu kidogo. Anayeanza insulini haingoji miezi mitatu. Huonana na wahudumu mapema zaidi ili dozi irekebishwe.

Swali: Nina mashine ya kupimia nyumbani na sukari yangu iko sawa. Kliniki nifuate nini?

Fuata yale ambayo mashine haiyaoni. Inakupa sukari ya dakika ile tu. Figo, macho na mishipa ya fahamu huanza kuharibika kimyakimya, bila maumivu, na mtu akingoja dalili huwa amechelewa. Kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka mkojo upimwe albumini (protini inayovuja figo zikiharibika), damu ipimwe kreatinini (taka ambayo figo huichuja) na kolesteroli (mafuta ya damu), na miguu ikaguliwe kwa makini. Presha hupimwa kila unapofika. Macho pia ni ya kila mwaka, mpaka daktari wa macho aseme unaweza kukaa zaidi. Mwenye aina ya 2 huanza kupimwa macho mara tu anapogundulika, maana huenda sukari ilikuwa juu miaka kadhaa bila yeye kujua. Mwenye aina ya 1 huanza ndani ya miaka mitano.

Na miguu, jamani, vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa. Kwenye foleni ndefu ndicho kipimo kinachorukwa kwa urahisi.

Swali: Siku mbili kabla ya kliniki huwa nabana chakula na kumeza dawa bila kuruka, ili majibu yawe mazuri. Kuna ubaya?

Upo. Kipimo cha kidole kitapendeza, lakini HbA1c itasema ya miezi yote. Daktari asipojua kwamba unaruka dawa, anaweza kudhani dozi ni ndogo akaiongeza. Siku utakayoamua kuimeza yote, sukari inaweza kushuka vibaya. Sema tu unaruka, na useme kwa nini. Kama metformini, kidonge cha kisukari, inakuvuruga tumbo, hilo lina ufumbuzi.

Swali: Niende bila kula?

Kwa HbA1c, hapana. Ukiambiwa ufunge kwa kipimo kingine, uliza mapema kuhusu insulini au vidonge vya asubuhi hiyo.

Swali: Mke wangu ana kisukari na ni mjamzito. Ratiba ni ileile?

La. Mahitaji ya insulini hubadilika haraka wakati wa ujauzito, kwa hiyo mara nyingi huonwa kila wiki moja au mbili. Kama kisukari kilianza na mimba, apimwe tena wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, hata akijisikia mzima.

Swali: Ni wakati gani nisingoje tarehe?

Kidonda mguuni, hata kisichouma: nenda siku hiyohiyo. Kuona kukififia ghafla, vivyo hivyo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) mara kwa mara, wahi ukarekebishiwe dawa. Kutapika huku sukari iko juu na pumzi inakwenda kasi ni dharura ya hospitali, saa hiyo. Na usiache insulini eti kwa kuwa huli.

Swali: Sijakanyaga kliniki mwaka mzima. Naogopa kugombezwa.

Huenda ukagombezwa kidogo. Nenda hivyo hivyo, na dawa zako zote mkononi, za mitishamba zikiwemo. Ulizoziacha, taja uliziacha lini, kwa sababu dozi ya mwaka jana huenda isikufae leo.