Makabati ya jikoni: MDF au mninga?

SWALI: Ninajenga Ujiji, Kigoma, na fundi ananishauri nitumie MDF badala ya mninga kwa makabati ya jikoni. Je, yatadumu?

JIBU: Ndugu msomaji, MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na joto, na kwa kuwa haina vifundo, hupokea rangi vizuri kuliko mninga, ambao kuupaka rangi ni kuudhulumu. Adui wa MDF ni maji, kwani ikishalowa huvimba na hairudi ilivyokuwa. Chagua aina inayostahimili unyevu, ambayo mara nyingi huwa ya kijani ndani, yenye unene wa milimita 18, na uhakikishe kingo zote, hata zilizofichika, zimezibwa. Chini ya sinki, weka mninga. Ulizia pia daraja la E1, lenye kiasi kidogo cha formaldehidi, kemikali ya kwenye gundi inayotoa hewa yenye madhara.