Homa ya ini B: ALT yako inapima nini hasa?

Mtu akiambiwa HBsAg yake (kipimo cha damu cha virusi vya homa ya ini B) ni chanya, huuliza kwanza virusi vimeshalila ini kiasi gani. Hapo mshtakiwa siye. Virusi vya homa ya ini B huzaliana ndani ya seli za ini bila kuziua. Wauaji ni askari wa mwili wenyewe, seli T za aina ya CD8, ambazo zikiigundua seli ya ini iliyoambukizwa huiangamiza. Seli ikifa, kimeng'enya cha ALT humwagika kwenye damu, na hicho ndicho maabara inachopima.

Ndiyo maana aliyeambukizwa utotoni anaweza kubeba virusi mamilioni katika kila mililita ya damu huku ALT yake ikiwa ya kawaida miaka nenda rudi: kinga yake bado imevivumilia. Kati ya wanaoambukizwa wakiwa wachanga, takriban 95% hubaki navyo. Kwa watu wazima ni chini ya 5%, kwa sababu kinga yao huvishambulia mapema. Baadhi yao huugua manjano, kisha virusi vikaondoka.

Kwa hiyo ALT inapima mapigano ya siku hizi tu. Kiwango chake kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 47 hivi, na jibu moja halitoshi kukata shauri. Rudia baada ya miezi 3 hadi 6. Usitegemee pia neno "kawaida" kwenye karatasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaweka ukomo wa uniti 30 kwa lita kwa wanaume na 19 kwa wanawake, ilhali maabara nyingi huandika 40 au zaidi. Na ini lililosinyaa kwa makovu linaweza kutoa ALT nzuri kabisa.

Madhara yaliyokwisha kulimbikizana hukadiriwa kwa njia nyingine. Chukua AST yako, kimeng'enya kingine kinachopimwa kwenye damu, igawe kwa ukomo wa juu wa maabara hiyo, gawa tena kwa idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu (kwa maelfu), kisha zidisha kwa 100. AST 80, ukomo 40, chembe sahani 160: 2 ÷ 160 × 100 = 1.25. Hiyo ndiyo APRI. Kwa mwongozo huohuo, zaidi ya 0.5 kwa mtu mzima huashiria kovu la maana, na zaidi ya 1 huelekeza kwenye kusinyaa kwa ini.

Kovu lenyewe hutengenezwa hivi. Seli za Kupffer, yaani seli za kinga walaji zinazoishi kwenye ini, pamoja na monosaiti (seli nyeupe) zinazoingia kutoka kwenye damu, hutoa TGF-beta, protini ya kupeleka ishara. Seli nyingine zenye umbo la nyota huipokea ishara hiyo na kuanza kumwaga kolajeni. Majeraha yakikoma, walaji hao hao hubadili tabia: humeza mabaki ya seli zilizokufa na kutoa vimeng'enya vya kuyeyusha kolajeni. Hii si nadharia ya vitabuni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 walianza tenofovir, dawa inayozuia virusi kuzaliana, ini likiwa limesinyaa. Baada ya miaka 5 vipande vya ini vilipopimwa tena, 71 hawakuwa tena katika hali hiyo.

Linaloharibu kazi hiyo zaidi ni kuacha dawa kwa sababu "majibu yamekuwa mazuri". Virusi hurudi, kinga huamka kwa kishindo, na ALT inaweza kufika mamia au hata maelfu. Anayetumia ARV zenye tenofovir akibadilishiwa dawa, tuseme kwa ajili ya figo, aulize kabla ya kutoka chumbani: homa ya ini B yangu itatibiwa na nini? Prednisolone ya wiki kadhaa nayo ina mtego: kinga ikishushwa virusi hustawi kimyakimya, na dawa ikikatwa kinga hurudi na kukuta kazi nyingi ya kuua. Pima HBsAg kabla ya kuianza. Virutubisho vya "kupandisha kinga" viache dukani.

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wana jambo la ziada. Mayai ya kichocho cha tumbo hunasa kwenye vishipa vya ini, seli za kinga huyazingira, na kovu hukua kando ya mishipa huku seli za ini zikisalimika. ALT huwa ya kawaida, lakini bandama huvimba na kuzuia chembe sahani ndani yake. APRI inaweza kupanda hata kama homa ya ini B haijaleta madhara hayo. Hapo omba altrasaundi ya ini na bandama kabla ya kuiamini hesabu.