Mbao gani kwa sebule ndogo?

Dada, umeuliza uchukue mbao za saipresi au mvule kwa samani za sebule yako ya Kasarani, ukitaka vitu vichache na vya asili. Mimi ningechukua saipresi. Mvule ni mti mzuri na mgumu, lakini bei yake ni kali na rangi yake nzito hukifinya chumba kidogo.

Ila shikilia hili: mbao iwe kavu! Meza yangu ya kwanza niliichonga kwa mbao mbichi. Kufika Februari ilikuwa imepasuka katikati, ufa wa kupitisha sarafu, na nililia. Ukienda soko la Gikomba, inua mbao mbili za mti mmoja na kipimo kimoja. Iliyo nzito zaidi huenda bado ina maji. Iguse shavuni, mbichi ni baridi. Ukiona vitundu na unga mwepesi, iache, hao ni wadudu.

Mwambie fundi apige msasa vizuri, kisha vanishi isiyong'aa, ili mistari ya mti ionekane. Sakafuni tandika zulia la mkonge, lakini mbali na sinki, maana maji huliacha na madoa. Mapazia ya pamba nyeupe yatatosha.