Kuondoa waya kwenye miwani ya uhalisia pepe

Ndugu, umeuliza kama unaweza kujitengenezea kiungo cha redio cha gigahezi 60 ili uachane na kebo kati ya kompyuta na miwani ya uhalisia pepe. Kinadharia inawezekana, ila mimi nisingeanzia huko.

Piga hesabu kwanza. Picha ya pikseli 2160 kwa 1200, biti 24 kwa kila pikseli, mara 90 kwa sekunde: hiyo ni takriban gigabiti 5.6 kila sekunde, hata sauti hujaiweka. Gigahezi 60 inaubeba mzigo huo, lakini mawimbi yake hayapenyi mwili. Ukigeuka tu, kichwa chako mwenyewe kinakuwa ukuta. Ndiyo maana vifaa vya aina hiyo huwa na antena nyingi ndogo zinazoelekeza mawimbi, na hiyo si kazi ya kuchomelea mezani.

Bana video badala yake, yaani punguza ukubwa wa data yake kabla ya kuituma. Kadi ya michoro ikiibana, megabiti 150 hivi kwa sekunde hutoa picha nzuri, na ruta ya waifai 6 inaziweza. Iunganishe na kompyuta kwa kebo (wengi huisahau hii, kisha wanalaumu miwani), iweke chumba hichohicho unachochezea, na simu zisiunganishwe nayo. Tumia gigahezi 5, chaneli isiyo na msongamano.

Kisha pima ucheleweshaji, yaani muda ambao picha inachukua kufika machoni, usiangalie kasi peke yake. Kwa picha 90 kwa sekunde, kila fremu (picha moja) ina milisekunde 11 tu. Picha ikikwamakwama, punguza megabiti kabla hujanunua kifaa kingine.