Kabwawa kwenye beseni bila kufuga mbu

Dada wa Ipuli nimekusoma, una beseni kuukuu unataka kabwawa bustanini vyura na kerengende waje, ila mama mkwe anasema utafuga mbu. Hajakosea sana aisee. Kwa joto letu hapa Tabora yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo hapo ndo pa kukomalia.

Mimi nilikata pipa nikaliweka chini ya mwembe, kosa hilo, msimu wa maembe maji yakawa meusi kama chai ya rangi na harufu juu. Weka penye kivuli cha nusu siku tu, mbali na miti. Chini mwaga changarawe, halafu panga mawe mpaka yafike mdomoni mwa beseni ili chura au mjusi akitumbukia apate pa kupandia. Maji ya mvua ndo mazuri, ya bomba yaache wazi siku mbili kwanza, dawa ipungue.

Samaki wadogo wawili watatu watakula viluwiluwi vya mbu, sema na vya chura watakula pia, usilalamike. Bila samaki, chota kwa chujio la chai kila baada ya siku mbili, vikikushinda muone bwana afya wa kata, usimwage mafuta ya taa utaua kila kitu. Magugumaji usilete kabisa.

Na kama una mtoto anayetambaa funika kwa wavu wa chuma, au subiri akue kwanza, maji ya kina cha kiganja tu yanamzamisha.