Kwa nini milango ya mahakama ya Allegheny inaonekana kama ya ghorofa ya chini

Ukiitazama milango hiyo ukadhani ni ya ghorofa ya chini, hujakosea kuona, na si kosa la H. H. Richardson, msanifu wa jengo. Mahakama ya kaunti ya Allegheny, Pittsburgh, ilijengwa kati ya 1884 na 1888, na milango yake mikubwa ilikuwa usawa wa barabara. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ulikichonga kilima na kuishusha Grant Street, barabara iliyo mbele ya mahakama, ghorofa ya chini ya ardhi ikabaki wazi. Baadaye milango ilishushwa ifuate barabara. Ndiyo maana ukiingia leo unapita kwanza kwenye nafasi iliyobanwa, ambayo haikukusudiwa kuwa lango, kabla ya kuzifikia ngazi kuu za mawe. Hapo ngazini usiwe na haraka: matao yanavyopishana ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za ndani, kwa maoni yangu.

Ule mnara mrefu nao si pambo tu. Pittsburgh ya wakati huo ilijaa moshi wa makaa, basi hewa safi ilivutwa kutoka juu mnarani na kushushwa ndani ya jengo.

Kisha ingia uani, katikati ya jengo. Kuta za huko zina madirisha mengi zaidi, kwa sababu vyumba vinapata mwanga kutoka pande mbili. Kwa nje, nenda Ross Street uangalie daraja la mawe linaloenda kwenye jela ya zamani. Graniti yake imeachwa na uso wa kuparuza, kwa hiyo jua la pembeni, asubuhi au jioni, ndilo linaloitoa vizuri pichani.