Mbona Versailles haikumaliza vita?

SWALI: Mhariri shikamoo, Ujerumani ilibanwa vibaya kwenye mkataba wa Versailles 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sasa ilikuaje 1939 vita ikarudi tena?

JIBU: Marahaba. Tatizo walibanwa nusunusu, yaani wamedhalilishwa alafu nguvu wakaachiwa. Kifungu cha 231 cha mkataba kiliwabebesha wao na washirika wao hasara zote, 1921 wakapigiwa deni la maki (pesa ya Ujerumani) bilioni 132 za dhahabu (bilioni!), jeshi likapunguzwa hadi watu 100,000, ila viwanda vingi vikabaki na Berlin haikutekwa, kwahiyo wengi hawakuamini kama wameshindwa kweli. Malipo yakakwama, Wafaransa na Wabelgiji wakaingia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, 1923, pesa ikageuka makaratasi, Hitler akapata cha kuhubiri. Na waliowabana walishachoka, 1936 jeshi la Ujerumani limerudi Rhineland, eneo la upande wa Ufaransa ambako mkataba uliwakataza kuweka jeshi, wao wakaangalia tu.